Nandigram 2021: wanakijiji walikosa shukrani kwa Mamata, au pale alikuwa mgeni toka mwanzo?

Mzee wa Kijiwe:
Wakuu salama. Jana kahawa ilipoa tukibishana na jamaa mmoja, yeye anasema mtu wa kijijini hana shukrani kwenye kura na mfano wake ni Nandigram kule India, ati mama wa watu, mwanasiasa Mamata Banerjee, aliwapigania ardhi yao isichukuliwe, miaka 14 baadae kaenda kuomba kura wakampiga chini. Nikamwambia historia ya lile jimbo huijui. Tukaachana hapohapo maana alikuwa anawahi daladala, kwahiyo naileta huku.

Kwa asiyejua, India kila state ina bunge lake na serikali yake. Nitaita mkoa ili neno jimbo libaki kwa jimbo la uchaguzi, na bosi wa serikali ya mkoa tumuite waziri kiongozi kama kile cheo cha Zanzibar kilichofutwa 2010. Nandigram iko West Bengal, wilaya ya Purba Medinipur, vijijini kabisa, mpunga, samaki, tambuu. Ng'ambo ya mto Haldi kuna Haldia yenye bandari na viwanda vya petroli. Yaani viwanda wanavitazama kila siku ila viko upande wa pili wa maji.

Miaka mingi lilikuwa jimbo la wakomunisti wa CPI, na kilichowaingiza ni ardhi. 1946 wakulima wa Bengal waliokuwa wanalima mashamba ya watu wakagoma, mwenye shamba alikuwa anabeba nusu ya mavuno, wao wakataka abebe theluthi tu, ndo vuguvugu la Tebhaga, na Nandigram ilikuwemo. Bhupal Panda wa CPI akaja kuwa mbunge wa pale mara kadhaa. Lakini hata hao CPI hawakupewa hati ya kudumu! 1977, mwaka uleule Left Front, muungano wa vyama vya kushoto, inaingia madarakani Kolkata, makao makuu ya mkoa, kwa kishindo, Nandigram wakampa mtu wa chama cha Janata, CPI wakati huo walikuwa nje ya Left Front na walikuwa wamemuunga mkono waziri mkuu Indira Gandhi alipotangaza hali ya hatari, wakalipa. 1996 wakawapa Congress. 2001 na 2006 wakarudi kwa CPI.

Sasa 2006 Left Front ilipata viti 235 kati ya 294 na ikalewa. Ikataka kuweka kitovu cha viwanda vya kemikali pale kwa ajili ya Salim Group ya Indonesia, sheria iliyokuwepo ya kutwaa ardhi ni ya mkoloni ya 1894. Tangazo lilipotoka Januari 2007 watu wakachimba mitaro barabarani, wakavunja vidaraja, gari ya serikali haiingii. Wapo waliokuwa CPI na CPM (wakomunisti wenzao walioongoza Left Front) damu damu wakaingia kwenye kamati ya kupinga. Machi 14 polisi wakaingia kwa nguvu, wakafa watu 14. Mahakama Kuu ya Calcutta ilikuja kusema Novemba ile risasi ilikuwa kinyume cha katiba. Mbunge wa CPI akajiuzulu baadae kwa skendo ya video ya tuhuma za rushwa, uchaguzi mdogo wa Januari 2009 wakamchagua Firoja Bibi, mama aliyepoteza mtoto kwenye zile risasi, kwa tiketi ya Trinamool, chama cha Mamata. 2011 miaka 34 ya Left Front ikaisha, Mamata akawa waziri kiongozi.

Hoja yangu sasa. Mamata alikuwa sura ya ile vita, ila mtu aliyekuwa analala kule, anajua nani kafiwa nani kakimbia kijiji, ni Suvendu Adhikari, familia ya Contai hapohapo wilayani. 2016 aligombea Nandigram akapata kura 134,623, alimwacha wa CPI kwa 81,230. Desemba 2020 akahamia BJP, chama cha siasa za Uhindu. Mwezi mmoja baadae Mamata akasimama Tekhali, hapohapo Nandigram, akasema nagombea hapa, akaacha jimbo lake la Bhabanipur mjini Kolkata. Matokeo: Suvendu 110,764, Mamata 108,808. Tofauti 1,956. Kiti kilikuwa cha mwenye mtandao wa vijiji, mama alikuwa mgeni wa heshima. Shukrani iko wapi hapo? Karibuni.

Binti Makuti:
Mzee umeeleza vizuri ila dini umeiruka kama dimbwi. Ile kampeni yote Suvendu alikuwa anamuita Mamata "Begum", jina la heshima la mama wa Kiislamu, jukwaani mpaka Tume ya Uchaguzi ikampa onyo, na Mamata nae akaanza kukariri beti za Chandi mbele ya watu kuonyesha yeye ni Mhindu tena wa kwao. Unadhani ni kwa sababu ya mitaro ya 2007? Nandigram ina block mbili, kama tarafa, ya kwanza ina Waislamu wengi kuliko ya pili. 2007 walikuwa kamati moja, maiti za Wahindu na Waislamu zilibebwa pamoja. 2021 mtu anahesabu kura kwa jina la mpiga kura. Hicho ndo kilichobadilika, mtandao ni huohuo.

Fundi Saa:
Mimi mwaka ule nilikuwa Pune nasoma, tuko hosteli tumefungiwa na korona, hakuna cha kufanya tukawa tunaangalia matokeo laivu na wahindi tunaokaa nao. Mei 2 jioni TV zikasema Mamata kashinda kwa 1,200, jamaa mmoja wa Kolkata akapiga kelele ukumbi mzima, hata chai hajamaliza zikageuka, Suvendu kashinda kwa 1,956. Waliomba kura zirudiwe kuhesabiwa msimamizi akakataa. Mama akaenda mahakamani, jaji akajitoa kwenye kesi na akamlima faini ya rupia laki 5 kwa jinsi alivyoombwa ajitoe. Kwahiyo mnapojadili "wanakijiji waliamua hivi na vile" kumbukeni ni kura elfu moja na mia tisa na ushee. Hiyo sio sauti ya kijiji, hiyo ni mvua kunyesha block moja asubuhi.

Mzee wa Kijiwe:
Fundi mvua haikunyesha Aprili mosi siku ya kura acha utani 😀 Watu walipiga kura karibu asilimia 88. Nakubali ni kidogo. Ila nawe kubali hiki, mtu aliyemaliza miaka 10 ya uwaziri kiongozi, chama chake kinashinda viti 213 mkoa mzima, anaangukaje kwenye jimbo lililompandisha?

Hesabu Tu:
Nimesoma uzi wote, ngoja niweke namba maana mnabishana na hewa.

2016 Trinamool 134,623. 2021 Trinamool 108,808. Pengo 25,815.
2016 CPI walipata 53,393 (toa 81,230 kwenye za Suvendu utaipata). 2021 mrengo wa kushoto ulimuweka dada mmoja kijana, Minakshi Mukherjee, akaambulia 6,267. Pengo 47,126.
BJP 2016 walikuwa na kama elfu kumi tu. 2021 laki moja na kumi.

Sasa Mzee, hoja yako ni kwamba Suvendu alihama na mtandao wake. Kama alihama nao mbona Trinamool wamepungua elfu 25 tu? Rundo kubwa lililopotea ni la wakomunisti. Yaani watu waliokimbizwa vijijini na kamati ya Suvendu baada ya 2007, nyumba zao zikaporwa, wakalipishwa faini za kienyeji, hao ndo walioenda kumpigia Suvendu 2021. Hawakumpenda. Walitafuta fimbo ya kumchapa Mamata na fimbo iliyokuwepo ni ileile iliyowachapa wao.

Binti Makuti:
Uwiii. Hii nimeirudia mara mbili kuisoma.

Mzee wa Kijiwe:
Hesabu Tu hapo umenikamata kidogo, sikatai. Ila kura haina jina. Wewe unaona jumla, hujui nani alitoka wapi kaenda wapi, inawezekana kabisa Trinamool walipoteza elfu 50 kwa Suvendu halafu wakapata elfu 25 kutoka kwa Waislamu waliokuwa wanapigia CPI, maana mgombea wa CPI 2016 alikuwa Sheikh Abdul Kabir, na Binti hapo juu kashasema 2021 kila mtu alirudi kwao. Pengo linabaki lilelile ila hadithi inakuwa nyingine.

Hesabu Tu:
Sawa mzee, hiyo inawezekana. Lakini kwa maelezo yako sasa umemkubali Binti, mtandao peke yake hautoshi. Ukiongeza wapiga kura wapya ndo kabisa, hata ukijumlisha mapengo yote mawili unapata elfu 73 hivi, BJP waliongeza laki moja. Kuna elfu 27 ni vijana au watu ambao 2016 hawakupiga. Hao 2007 walikuwa watoto wa shule ya msingi, shukrani za nini?

Mama Mitumba:
Hapo kwa vijana ndo pa kukaa. Nyie wanaume mnahesabu vyama, mi nauliza kiwanda kilikataliwa, sawa, walikuwa na haki yao, baada ya hapo kikaja nini? Kile kitovu cha kemikali kikahamishiwa kwenye kisiwa cha Nayachar kwenye makaratasi, na huko nako hakikujengwa. Kijana wa Nandigram anapanda treni kwenda kushona nguo na kubeba zege mikoa ya mbali. Halafu 2020 ikaja Amphan kile kimbunga, serikali ikatoa hela ya kuezeka nyumba zilizobomoka, viongozi wa vijiji wa chama wakajiandikisha wenyewe na ndugu zao wenye nyumba za ghorofa, watu wakaandamana mpaka wengine wakarudisha hela. Ndugu zangu, mtu akila bati langu mi simkumbuki alinipigania mwaka gani. Na Suvendu alikuwa waziri wa serikali hiyohiyo karibu mpaka anahama, msimfanye malaika.

Mzee wa Kijiwe:
Dada bati limeniingia.

Wakili wa Mtaani:
Mnaacha swali kubwa. Kashindwa Mei 2, Mei 5 anaapishwa waziri kiongozi! Katiba ya India inaruhusu mtu asiye mbunge kuwa waziri kwa miezi 6, ukiisha hujapata kiti unatoka. Yeye alimtoa mwenzake Bhabanipur, uchaguzi mdogo Septemba 30, akashinda kwa 58,835. Hii ni halali kisheria ila kwa mtu wa Nandigram maana yake nini, umemkataa leo, keshokutwa anakutawala kwa kura za mjini. Kwetu Bara katiba inataka waziri mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni, akianguka jimboni hana pa kupitia.

Fundi Saa:
Wakili hilo usimtupie Mamata peke yake. 2022 Uttarakhand, Pushkar Singh Dhami wa BJP alianguka jimbo lake la Khatima akiwa ndo waziri kiongozi, chama kikashinda, wakamrudisha vilevile, akaenda kushinda uchaguzi mdogo wa Champawat. Waliopiga kelele 2021 wakakaa kimya. Aliyewahi kunasa ni Shibu Soren wa Jharkhand, Januari 2009 alikuwa waziri kiongozi akashindwa uchaguzi mdogo wa Tamar ikabidi aachie ngazi.

Wakili wa Mtaani:
Ndio maana nasema tatizo ni kanuni sio mtu. Mi ningeweka hivi: miezi 6 ni kwa ambaye hakugombea. Uliyegombea ukakataliwa, subiri bunge lijalo.

Binti Makuti:
Hapo unamuadhibu aliyethubutu kaka. Angebaki Bhabanipur kwenye kiti chake laini asingeanguka. Alienda mpaka kwa adui, akaumia mguu, akapiga kampeni kwenye kiti cha magurudumu, siku ya kura akakaa karibu masaa mawili kituo cha Boyal akilalamika watu wake wanazuiwa. Kanuni yako ingefanya kila kiongozi ajifiche mjini na kijiji kisione mkubwa tena.

Mzee wa Kijiwe:
Naungana na Binti. Na tukitaka kuadhibu ahadi, Suvendu siku ileile ya Tekhali aliapa asipomshinda mama kwa kura elfu 50 ataacha siasa. Kashinda kwa 1,956, akawa kiongozi wa upinzani bungeni.

Narudi kwa jamaa yangu wa kahawa. Nimebadilika kidogo, nilikuja na mtandao naondoka na mtandao, bati la Amphan, dini, na hasira za wakomunisti waliokimbizwa. Shukrani bado siioni kwenye hesabu, kwa upande wowote.

Mama Mitumba:
Swali la mwisho mzee kabla sijafungua meza. Yule mama aliyefiwa na mtoto, Firoja Bibi, 2021 alikuwa upande gani?

Mzee wa Kijiwe:
Alibaki kwa Mamata. 2016 walishamhamishia jimbo lingine wilaya hiyohiyo, Panskura Paschim, ili Suvendu akae Nandigram. 2021 akagombea tena hukohuko, akashinda.

Mama Mitumba:
Walimtoa yeye wakamuweka huyo aliyekuja kuhama. Haya, mteja kaja.