Wenye boti Matema tumegawanyika: tuingie kwenye msafara wa malafyale (chifu wetu Wanyakyusa) au tukae pembeni?

Kasia_la_Nyasa

Wakuu habari za humu, hasa mliopo Kyela, Rungwe, Mbeya mjini na wenzetu wa Iringa na Njombe. Kuna jambo linatugawa huku ufukweni Ziwa Nyasa, naomba mawazo ya watu wa nje kidogo maana sisi wenyewe tushaongea mpaka watu wameanza kununiana.

Iko hivi. Malafyale wa upande wetu ana sherehe ya kumbukumbu ya kusimikwa kwake, familia na wazee wanaandaa kitu kikubwa na safari hii wanataka aje kwa maji, yani apandie boti Ikombe halafu sisi wenye boti tumzunguke mpaka Matema, ngoma zinapigwa humohumo kwenye boti na watu wanamsubiri mchangani. Kamati imepita kwa mwenye boti mmoja mmoja kuuliza nani yumo nani hayumo, wa injini na wa kasia wote.

Wazee wa ufukweni wamekubali palepale, wanasema babu zao walivusha machifu na wao hawawezi kukataa. Wavuvi wa usipa, dagaa wa huku ziwani, wamekasirika kwa sababu ya tarehe. Vijana kadhaa wanasema serikali ilishafuta mamlaka ya machifu tangu 1963 sasa tunambeba nani na kwa lipi. Halafu kuna wanaouliza mafuta analipa nani, maana msafara wa mwendo wa ngoma, kwenda, kungoja na kurudi, injini ya HP 15 inaweza kukunywea lita 20 huku hujabeba abiria wala samaki.

Mimi roho yangu inataka kwenda, niseme wazi. Nampenda yule mzee, amesuluhisha kesi nyingi za mipaka ya mashamba ya mpunga huku ambazo zingefika mahakamani zikala ng'ombe za watu. Kinachoniuma ni maneno yaliyoanza kupita kwamba asiyeleta boti atajulikana. Nyie mngefanyaje?

Mama Usipa wa Kyela

Mwanangu hiyo tarehe imeangukia giza, zile siku usiku hauna mwezi, hapo ndo pana tatizo na wala sio malafyale. Wasiojua waelewe, usipa tunauvua kwa taa, boti inatoka jioni, mnafika mnawasha taa mnakaa kimya mnangoja, dagaa wanapanda kufuata mwanga na wavu uko chini yao, mkivuta kama Mungu kawapa boti inarudi alfajiri imelala majini kwa uzito. Hiyo kazi inataka usiku mweusi. Mwezi ukiwa mkubwa samaki wametawanyika, mwanga wa taa hauna nguvu, boti zinavutwa mchangani watu wanashona nyavu. Sasa wewe unakuja kuniambia katikati ya giza nitoe boti, na vijana wangu wakeshe kwenye ngoma, na sisi akina mama tunaoanika tukae mikono mitupu, ada ya shule nitamlipa nani kwa ngoma?

Wasogeze mpaka mbalamwezi. Wiki mbili tu. Boti zote zitakuwa zimekaa na mimi mwenyewe nitapika.

Lulilo_boy

Mimi ni kati ya hao vijana na sitoi boti hata wakisogeza. Sina ugomvi na mzee, nikikutana naye njiani nachuchumaa nasalimia kama nilivyofundishwa nyumbani. Ila kumsindikiza mtu na msafara wa boti kwa sababu kazaliwa kwenye ukoo fulani siwezi, tunaishi kwenye jamhuri. Angekuwa mganga wa zahanati anastaafu baada ya kuzalisha mama zetu usiku na mchana ningetoa boti na mafuta juu yangu. Naomba niheshimiwe na hilo bila mtu kuja kumwambia mama yangu kwamba mimi mkorofi, maana tayari wamekuja.

Mtu wa Tukuyu

Hii mada imenigusa. 2012 nilikuwa London nasoma na huo mjadala wenu niliukuta kwa wazungu wenye boti. Tarehe 3 Juni mwaka ule Malkia Elizabeth alikuwa anasherehekea miaka 60 kwenye kiti, wakaandaa msafara mto Thames, boti zaidi ya 600, kutoka upande wa Battersea kushuka mpaka Tower Bridge. Ilisemwa mto ule haujaona msafara wa namna hiyo tangu 1662 wakati wa mfalme Charles wa pili. Na huyu sio mtu wa mbali sana na sisi, kuanzia uhuru Desemba 1961 mpaka tulipokuwa jamhuri Desemba 1962 Malkia wa Tanganyika alikuwa ni yeye.

Kule kuna watu wanaishi kwenye boti mwaka mzima, zile nyembamba za kwenye mifereji, upana mita mbili tu, ndani kitanda na jiko la kuni. Nilifahamiana na wachache na miezi kabla ya siku yenyewe ilikuwa kubishana tu. Mmoja alikuwa anapaka boti yake rangi upya, anasema kitu kama hiki hatakiona tena maishani. Mwenzake waliyefunga boti ubavu kwa ubavu alisema yeye hawezi kumpigia honi mtu aliyerithi cheo na hao wawili walikuwa wanaazimana sukari. Mwingine hakuwa na neno na Malkia, hofu yake ilikuwa mto, boti ya mfereji ina kitako bapa imezoea maji yaliyotulia na Thames pale mjini maji yanajaa na kupwa kama bahari, mkondo unavuta kwelikweli. Wala hakuwa mwoga, maana siku ile ilibidi lile lango kubwa la kuzuia mafuriko kule chini ya mto lifungwe ili mkondo upungue nguvu.

Mvua ikanyesha, baridi, helikopta zilizokuwa zipite juu zikafutwa kwa mawingu. Malkia ana miaka 86, mumewe 90, karibu muda wote wamesimama wanaangalia boti zinapita, kesho yake mzee akalazwa hospitali. Wanaotaka nchi yao iwe jamhuri nao walikuwepo karibu na Tower Bridge na mabango yao wanapiga kelele.

Ninachotaka mkione ni kimoja. Walioingia majini waliomba wenyewe kuingia, na waliokosa nafasi walilalamika. Asiyetaka hakuandikwa jina popote. Kwa hiyo ile siku ilipofika, yule aliyekuwa anapunga mkono kwenye boti yake mvua inamnyeshea ulijua kabisa anapunga kwa mapenzi. Kamati yenu ikishaanza kuandika majina ya wasiokuja, malafyale hatajua tena nani kaja kwa kumpenda na nani kaja kwa kuogopa.

Dereva wa Tunduma

Naunga mkono hapo juu na niongeze la jirani zetu. Zambia upande wa magharibi kule Mongu kuna Kuomboka ya Walozi, mfalme wao anaitwa Litunga, mto Zambezi ukijaza mbuga anahama Lealui anaenda Limulunga kwenye ardhi ya juu. Boti yake Nalikwanda ina mistari myeusi na myeupe, juu kuna tembo wa kutengeneza, wapiga kasia kama mia moja, na ndani wanawasha moto, watu wa mbali wakiona moshi unapanda wanajua mfalme yupo salama. Anaondoka na mavazi ya kwao anateremka na sare ya admirali wa Uingereza, asili yake ni zawadi ya mfalme Edward wa saba kwa Lewanika, Litunga wa wakati huo, alipoenda kwenye kutawazwa kwake 1902.

Kushika kasia mle ni heshima watu wanaigombania, hakuna wa kusukumwa. Na kuhusu tarehe, kule maji ndo yanapanga, mwaka mafuriko yakiwa madogo sherehe haifanyiki na hakuna anayesema mfalme kadharauliwa. Sasa kama Litunga anasubiri maji, na nyie mnaweza kusubiri mwezi. Mama Usipa kasema kweli tupu.

Mzee wa Itungi

Nimefanya kazi ziwani muda mrefu, mniruhusu niseme la usalama maana naona kila mtu anaongea heshima na pesa.

Boti nyingi zikikaa karibu na ngoma inapigwa, watu wanasimama. Malafyale akipita upande wa kulia wote wanaegemea kulia kumwona. Boti ya mbao inapinduka hapohapo, tena karibu na ufukwe. Kivuko cha MV Nyerere kule Ziwa Victoria kilizama tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimekaribia kabisa gati ya Ukara, kimebeba watu kupita uwezo, na zaidi ya watu 200 walikufa wakiwa wanaona nchi kavu. Kwa hiyo mwambieni mwenyekiti wa kamati: kila boti ina idadi yake ya watu na nahodha wake ndo anasema, laifu jaketi kwa kila kichwa hata mpiga ngoma, boti isiyo na leseni ya TASAC, wale wasimamizi wa vyombo vya majini, isiingie, mitumbwi ya kasia iwe upande wa nchi kavu na injini upande wa nje zisiwatupie mawimbi. Na mtoke asubuhi. Miezi ya kusi, upepo wa kusini, ziwa linakuwa limetulia asubuhi na mapema, kufika mchana upepo umeshaamka na pale kwenye milima ya Livingstone kuna sehemu ndefu huna pa kuingiza boti, ni mwamba unashuka moja kwa moja majini.

Kalenga

Salamu toka Iringa. Sisi Wahehe fuvu la Mkwawa liliporudi 1954 lilipokelewa na watu wengi wa kila rika, na mpaka leo tunaheshimu ukoo ule bila sheria yoyote kutulazimisha. Lulilo_boy aachwe kwa amani. Na wale waliokwenda kwa mama yake waende tena wakamwombe radhi.

Kasia_la_Nyasa

Ndaga (asanteni) wote. Nimesoma kila kitu na jana jioni nimemwonesha mwenyekiti wa kamati haya maneno kwenye simu, ya Mama Usipa na ya Mzee wa Itungi amesoma mara mbili. Kuhusu tarehe anasema yeye hana shida, lazima wazee wakae kwanza, wanakutana Jumamosi baada ya soko la vyungu pale Lyulilo. Kuhusu majina amesema hakutuma mtu na atalisema mbele ya watu. Mafuta bado hajajibu. Nimemwambia wa kasia hawahitaji mafuta ila wanahitaji kula, na wa injini angalau nusu, bila hapo wenye uwezo tu ndo wataenda.

Lulilo_boy

Akilisema hilo la majina mbele ya watu mimi sina neno tena. Msimamo wangu wa boti ni uleule. Ila laifu jaketi ninazo nane nzima hazijachanika, kama zinapungua mje mchukue usiku wa kuamkia siku hiyo, na siku yenyewe nitakuwepo ufukweni na kamba, kuna mawe chini ya maji upande wa mashariki pale mnapotaka kumteremshia mzee na wengi wenu hamuyajui.