Nidhamu ni kiboko? Watu wa Amu, tujadili

Asalaam aleikum ndugu zangu. Juzi kwenye mkutano wa wazazi hapa Lamu mjini, mzee mmoja alisimama akasema watoto wameharibika kwa kuwa shule hazina nidhamu tena. Watu wakaitikia. Nikangoja aeleze nidhamu ni nini. Alichoeleza ni kiboko, tangu mwanzo hadi alipokaa. Basi tuulizane: neno hili limebanwa na nani mpaka likabaki na maana hiyo moja?

Asili yake ni Kiarabu, kupanga mambo yakafuatana, na mzizi wake ndio wa kutunga lulu kwenye uzi na kutunga mashairi. Kiswahili chetu nacho kimepita njia hiyo hiyo: mama hutunga asumini, mvuvi hutunga samaki, malenga hutunga beti. Na mtunga asumini hana haja ya kulibana ua; akilibana huwa jeusi kabla ya magharibi. Hata neno la Kilatini walikochukua Waingereza lao, disciplina, ni mafunzo, na discipulus ni mwanafunzi.

Sasa jisikilizeni. "Hatua za nidhamu" ni adhabu. "Kumtia adabu" ni kumchapa. Adabu na adhabu kwa Kiarabu hayana hata mzizi mmoja, lakini mtoto wetu hayatofautishi.

Mimi nilichapwa kwa mpira wa maji, darasa la tano, kwa kuchelewa. Tulikuwa tukivuka kwa mashua, na siku ile maji yalikupwa tukakwama mchangani. Nilieleza, sikusikizwa. Sikujifunza kuwahi. Nilijifunza kwamba maji yakikupwa ni heri nisiende shule kabisa. Hiyo ndiyo nidhamu ya woga.

Mzazi, Langoni:
Maneno matamu, mwanangu, lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Watoto wa leo wako gatini mpaka saa sita za usiku, wanavuta, ukiwasemeza wanakukodolea macho. Mwaka 2021 hata waziri wa elimu wa wakati huo, George Magoha, alitaka kiboko kirudi. Naye hakujua alisemalo?

Mwalimu, Mkomani:
Mimi nina watoto zaidi ya sitini darasa moja. Sheria naijua na sichapi. Lakini waliponiondolea fimbo hawakunipa kitu mkononi. Nusu ya darasa ikianza kelele, nifanyeje? Anayejua aniambie, naomba kwa dhati.

Mwanzilishi wa mada:
Mzee wangu wa Langoni, shikamoo. Waziri alijua alisemalo, ila alitaka jambo lililokwisha kukatazwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikalikataza shuleni. Methali yako naiheshimu. Lakini mtoto halii kwa fimbo tu. Hulia pia akikatazwa kwenda gatini usiku. Hapo niko nawe: akatazwe, na alie.

Mwalimu, swali lako limeniingia. Nilipokwenda Matondoni nilikaa nikimtazama fundi wa majahazi na mwanagenzi wake wakikalafati. Kijana anasokota pamba, anaitia mafuta, anaigongomea kwenye mwanya wa mbao kwa tindo. Fundi anapitisha kidole. Palipolegea haneni neno. Anaing'oa pamba yote, anamrudishia tindo. Mara tatu kijana alirudia, jua la saa saba, na ile ya tatu alipitisha kidole mwenyewe kabla fundi hajafika. Hakuna aliyeinua mkono. Kijana anajua chombo kikivuja, na yeye yumo ndani.

Ila fundi yule ana mwanagenzi mmoja, wewe una sitini. Kidole kimoja hakiwezi kupita kwenye madaftari sitini kila siku. Kwa hiyo sikuambii uige Matondoni kesho asubuhi. Nasema mkutano ujao tuanze na idadi ya walimu, na kiboko tukiache nje ya mlango. Nyinyi wa Pate na Faza, ambako najua walimu ni haba zaidi, kwenu mnafanyaje?