Ukuta wa picha: tuandike "Mashujaa" au "Mabingwa"?

mlezi_wa_vijana: Wakuu, klabu ya riadha ya watoto wa miaka 10 hadi 14 inataka kubandika picha 12 za nyota wa michezo chini ya kichwa "Mashujaa Wetu". Baadhi ya wazazi wamegoma: shujaa ni zimamoto na muuguzi, si mtu anayelipwa kukimbia. Tuchague vipi, na chini ya picha tuandike nini?

filimbi_ya_mwisho: Mkuu, tenganisheni maneno kwanza. Bingwa ameshinda. Nyota anajulikana. Shujaa amejitia hatarini, au amekubali hasara, kwa ajili ya wenzake au ya haki. Kila jina lipimwe hivi: angepoteza nini, na nani alinufaika? Mshahara msiuguse, hauongezi wala haupunguzi ujasiri.

Mfano safi ni Shavarsh Karapetyan, bingwa wa dunia wa kuogelea kwa mapezi ya miguuni. Tarehe 16 Septemba 1976, mjini Yerevan, basi la umeme lilitumbukia bwawani na kuzama mita 10 hivi. Alipiga mbizi kwenye maji yasiyoonyesha kitu, akavunja kioo cha nyuma kwa miguu, akarudi chini tena na tena. Watu 20 wakaokoka. Vioo vilimchana, akaugua nimonia. Medali hazikumfanya shujaa, ila pumzi aliyoijenga kwa kutafuta medali ndiyo iliyowatoa watu mle ndani. Waonyesheni wazazi hilo.

kijiti_cha_nne: Naongezea. Msiandike tabia ("mwaminifu, mchapakazi"), andikeni tendo na mwaka: "Muhammad Ali, 1967: alikataa kuingia jeshini, akavuliwa ubingwa, akakaa zaidi ya miaka 3 bila pambano." Maneno hayo yatasimama hata mtu akitaja mabaya yake mengine. Sifa za jumla ndizo huporomoka: mwendesha baiskeli Lance Armstrong alivuliwa mataji 7 ya mbio za Tour de France mwaka 2012 kwa kutumia dawa zilizokatazwa michezoni, na la mwisho alilitwaa 2005. Sampuli za wanamichezo huweza kupimwa upya dawa hizo hadi miaka 10, kwa hiyo mshindi wa juzi abaki "Bingwa" tu.

mlezi_wa_vijana: Asanteni sana. Na John Stephen Akhwari? Olimpiki ya Mexico 1968, goti limefungwa bandeji, akamaliza marathoni wa 57, wa mwisho. Hakuokoa mtu.

filimbi_ya_mwisho: Kwa kipimo changu si shujaa. Muwekeni chini ya neno "Jasiri", tena usawa wa macho ya watoto, maana wengi wao watamaliza nyuma.