Tumeuziwa boti ya maboya mawili, lakini hakuna anayetaka kusema tyubu yake ni ya kitu gani

Ndugu wanajamvi,

Nimevumilia vya kutosha, na leo naomba mniruhusu niyatoe yaliyo moyoni. Ninayo boti ndogo ya kuvulia samaki, ile ya mtu mmoja, yenye maboya mawili marefu ya kujaza upepo yaliyofungwa kwenye fremu ya chuma, na kiti kikiwa katikati. Huu ni msimu wa tatu tangu niinunue. Katika misimu hiyo nimejifunza mengi ambayo muuzaji aliyajua tangu siku ya kwanza na akanyamaza, lakini lililonifikisha hapa ni moja: hakuna mtu yeyote, kuanzia dukani hadi kiwandani, aliyekubali kuniambia tyubu ya ndani ya boti yangu imetengenezwa kwa kitu gani.

Kwa wasiozifahamu boti hizi, naeleza kidogo. Kila boya lina sehemu mbili. Nje kuna ganda gumu la kitambaa kilichopakwa PVC, ambalo kazi yake ni kuzuia mikwaruzo ya mawe na visiki. Ndani ya ganda hilo, nyuma ya zipu, kuna tyubu nyepesi inayoshika upepo wenyewe. Baadhi ya tyubu hizo ni za vinili, yaani PVC kama ya ganda, na nyingine ni za yurethani, plastiki ya aina tofauti, na kwa macho zinafanana sana. Tofauti huonekana siku ya kuziba tundu, kwa sababu gundi inayoshika vinili haishiki yurethani ipasavyo, na kiraka cha moja hakifai kwa nyingine. Kumuuzia mtu chombo cha kumbeba juu ya maji bila kumwambia jambo hilo ni sawa na kumpa kufuli ukabaki na ufunguo.

Tundu langu lilijitokeza asubuhi moja nikiwa nimeshatoka mbali na ufuko, mshipi uko majini na mawazo yote yako kwenye chambo. Nilihisi kiti kinainama kushoto. Mwanzoni nilidhani nimekaa upande, nikajirekebisha, lakini baada ya dakika chache kiti kikainama tena, na nilipolibonyeza boya la kushoto kidole kilizama kama kwenye mto wa kulalia. Boya langu halina vyumba viwili ndani yake. Lina tyubu moja tu, kwa hiyo tyubu hiyo ikivuja, nusu nzima ya boti inaondoka. Kasia la kushoto likawa halina pa kuegemea, na kila nilipovuta la kulia chombo kilizunguka badala ya kwenda mbele. Isitoshe, boti ya namna hii haikai ndani ya maji bali huelea juu yake, hivyo upepo kidogo tu huisukuma unakotaka. Safari ya dakika kumi ilinichukua karibu saa nzima. Jaketi la kuokolea maisha nilikuwa nimelivaa, na sitaki kufikiria ingekuwaje kama ningelikuwa nimelikalia, kama wengi wetu tunavyofanya siku za joto.

Nyumbani niliitoa tyubu, nikaijaza upepo kiasi, nikaipaka maji ya sabuni. Povu likatokea kwenye mshono karibu na vali. Halikuwa tundu la ndoana wala la mwiba. Mshono wenyewe ulikuwa umeanza kuachia. Nikachukua gundi na viraka vilivyokuja ndani ya boksi pamoja na boti, nikasafisha, nikabandika, nikasubiri saa 24. Nilipojaza upepo, kiraka kikabanduka chote kwa mkupuo mmoja. Nikajaribu gundi ya tyubu za baiskeli, ambayo kumbe ni ya mpira na haina uhusiano wowote na plastiki za namna hii. Nayo ikabanduka.

Hapo ndipo nilipoanza kuwatafuta waliouza. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba tyubu ni «ya ubora wa juu». Niliuliza tena, kwa maandishi, nikitaja majina yote mawili na kuomba wanichagulie moja tu. Nikajibiwa kwamba taarifa hiyo ni ya kiwanda. Kiwanda nacho kikanirudisha kwa muuzaji. Nilipouliza kama naweza kununua tyubu mpya tu, bila ganda na bila fremu, nikaambiwa haiuzwi peke yake na kwamba ingekuwa busara ninunue boti nyingine. Kuhusu waranti, nilielezwa kwamba haihusu mishono, vali wala madhara ya jua, nami nikabaki nikijiuliza boti ya upepo ina kitu gani kingine cha kuharibika.

Kisha wakanigeuzia kibao: eti niliiacha juani. Nitakuwa mkweli. Ndiyo, kuna siku niliiweka ufukweni mchana ikiwa imejaa, na sitajitetea kwa hilo. Lakini hebu tazameni maelekezo yaliyoandikwa kwenye kijitabu chao: «Jaza mpaka iwe ngumu.» Basi. Hakuna kipimo, hakuna tarakimu, na pampu waliyonipa haina hata mshale wa kuonyesha shinikizo. Nimelazimika kupiga hesabu mwenyewe. Ukijaza boya hadi psi 3 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) asubuhi penye nyuzi 20 za Selsiasi, kisha jua likaupasha upepo ule hadi nyuzi 50, shinikizo hupanda na kukaribia psi 5 bila mtu kuigusa pampu, ikiwa boya halitanuki. Ganda la rangi nyeusi, kama langu, hufika kwenye joto hilo bila shida. Mzigo wote huo unaishia kwenye mishono. Vilevile, ukiishusha boti kwenye maji baridi, maboya hulegea ndani ya dakika chache, na mgeni wa kazi hii hudhani yanavuja, kumbe upepo wa ndani umepoa tu. Inatakiwa uishushe, usubiri kidogo, uongeze upepo, na ukirudi nchi kavu upunguze kabla jua halijaipata. Sentensi moja kwenye kijitabu ingetosha kutuambia hivyo. Waliona nafasi ya picha ya machweo ina faida zaidi.

Uzito nao nitautaja kwa ufupi, maana una utapeli wake. Uzito wa juu ulioandikwa ubavuni mwa boti unamjumuisha mvuvi na kila anachobeba. Mimi nilifunga injini ndogo ya umeme, na betri yake ya asidi na risasi, ya volti 12, peke yake inakaribia kilo 25. Ongeza nanga, boksi la vifaa na maji ya kunywa, na mtu wa mwili wa kawaida ameshaukaribia mpaka kabla hajapata hata samaki mmoja. Zipu zinazojaa mchanga, koga linaloota ukiihifadhi boti ikiwa na unyevu, na panya wanaopenda kulala ndani ya ganda lililokunjwa, hayo nakubali ni wajibu wa mwenye boti. Siku hizi naiosha kwa maji yasiyo na chumvi, naikausha kivulini kwa siku mbili, naikunja kwa ulegevu na kuitundika juu. Sitaki kusikia mtu akisema siitunzi.

Turudi kwenye tyubu. Baada ya kukosa jibu, imenibidi mimi mvuvi nigeuke mkemia. Kuna jaribio la zamani linaloitwa jaribio la Beilstein: unapasha waya wa shaba motoni mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na rangi ya ajabu, unaugusisha kwenye plastiki, kisha unaurudisha motoni. Plastiki yenye klorini, na vinili ni mojawapo, huugeuza moto kuwa kijani. Nilikata unyuzi mwembamba kwenye ukingo wa tyubu, nje ya mshono, nikafanya jaribio hilo nje ya nyumba nikiwa upande unakotoka upepo, kwa sababu moshi wake ni sumu. Moto haukuwa kijani. Ili nisijidanganye, nikarudia jaribio kwa waya uleule na kipande cha kiraka kilichokuja ndani ya boksi, na moto ukawa kijani kibichi mara moja.

Someni tena sentensi hizo mbili. Tyubu haikuwa ya vinili, na viraka walivyonipa vya kuitengenezea vilikuwa vya vinili. Vilifaa kwa ganda la nje, ambalo hata likitoboka kidogo halizamishi mtu. Kwa sehemu inayoshika upepo hawakunipa chochote, na nilipouliza wakanyamaza. Nilinunua gundi ya yurethani, nikaitumia pamoja na kiraka cha yurethani, na sasa ni wiki ya tano haijavuja.

Ninachodai ni vitu vitatu: aina ya tyubu iandikwe juu ya tyubu yenyewe, shinikizo la mwisho liandikwe kwa tarakimu pembeni ya vali, na tyubu iuzwe peke yake. Nimeshawaandikia mara nne na barua ya mwisho haikujibiwa.

Kama kuna mwenzangu mwenye boti ya maboya mawili aliyewahi kupewa jibu la maandishi kuhusu tyubu yake, naomba aliweke hapa pamoja na jina la modeli, ili wengine wasilazimike kuchoma vipande vya boti zao kama nilivyofanya mimi. Boya langu la kulia bado halijaguswa. Lina umri uleule na mshono uleule kwenye vali ileile, na tangu siku ile, kila nikifika katikati ya maji, mkono wangu wa kulia hulibonyeza kabla sijatupa mshipi.