Re: Kujenga Burundi ukiwa ughaibuni: hali ya nchi ilivyo sasa

Kutoka: Ottawa

Amahoro ndugu zangu, hamjambo nyote.

Mimi na mume wangu tumeanza kuweka akiba ya kujenga nyumbani. Yeye anataka Bujumbura kwa kuwa amekulia mtaa wa Buyenzi mjini humo. Mimi naitazama Gitega kwa sababu serikali imehamia huko. Shemeji yangu aliyeko nyumbani anasema tutume pesa zote mapema anunue kiwanja, saruji na nondo kabla bei hazijapanda tena. Na watoto, ambao wamezaliwa hapa Canada, kila tukiwasimulia habari za kwao wanauliza: nchi inaishi kwa nini, inatawaliwa vipi, mbona haina bahari? Mnaofahamu mtusaidie. Tuanzie wapi?

---

Kutoka: Dayton, Ohio

Amahoro dada. Maswali ya watoto na hilo la shemeji yako nitayajibu pamoja, maana yana mzizi mmoja. Burundi inabanwa na uhaba wa fedha za kigeni. Ukijua dola zinaingia kwa njia gani na zinatoka kwa njia gani, utaelewa kwa nini saruji inapanda, kwa nini magari yanapanga foleni kwenye vituo vya mafuta, na kwa nini pesa unayoituma inaweza kufika imepungua nguvu.

Waonyeshe watoto ramani kwanza. Nchi nzima ni kilomita za mraba 27,834. Mkoa wa Kigoma peke yake, ukihesabu na eneo lake la ziwa, unaizidi. Sensa ya 2008 ilihesabu watu milioni 8; leo ni zaidi ya milioni 12, na karibu wote wanaishi vilimani, kila familia na kishamba chake cha maharage, mihogo na migomba ambacho kwa wastani hakizidi sana nusu hekta. Magharibi kuna bonde la Imbo, kando ya mto Rusizi na Ziwa Tanganyika: joto, mpunga, na kusini kwake michikichi ya Rumonge. Ukitoka Bujumbura kwa gari unaanza kupanda papo hapo, hadi kwenye mgongo wa milima unaogawa maji ya Kongo na maji ya Nile. Mlima Heha una zaidi ya mita 2,600. Huko juu ni nchi ya chai na baridi, kisha unashukia nyanda za Gitega na kuendelea mashariki mpaka Kumoso, mpakani na Tanzania. Waambieni pia kwamba chemchemi ya kusini kabisa ya Nile iko Rutovu kwetu. Watoto wangu walilipenda sana hilo.

Sasa bahari. Mizigo yetu mingi inashukia bandari ya Dar es Salaam, inapakiwa kwenye malori yanayosafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi mpakani, Kabanga upande wa Tanzania na Kobero upande wetu, ndipo iingie nchini. Mingine inapitia Kigoma na kuvuka ziwa kwa meli, au inapanda kutoka Mpulungu, Zambia, kwa njia hiyo hiyo ya ziwa. Kila kilomita ina gharama yake ya mafuta, na mafuta yenyewe yanakuja kwa njia hizo hizo na yanalipiwa kwa dola. Ndiyo maana mfuko wa saruji au karatasi ya bati inafika ikiwa ghali hata kabla mfanyabiashara hajaweka faida yake.

Na dola tunazipata wapi? Kahawa, chai na dhahabu, basi, ukiacha vitu vidogo vidogo. Kahawa yetu ni arabika nzuri sana, lakini mibuni mingi ni mizee, na huzaa vizuri mwaka mmoja, mwaka unaofuata mavuno yanashuka. Zamani pengo lililobaki lilizibwa na misaada. Baada ya machafuko ya 2015, Nkurunziza, Rais wa wakati huo, alipogombea muhula wa tatu, Umoja wa Ulaya ulisimamisha 2016 msaada uliokuwa ukienda moja kwa moja serikalini, na haukulegeza mpaka 2022. Hiyo ni miaka mingi kwa nchi inayoagiza mafuta, dawa na mbolea. Wazee wetu vijijini waliulipia mgogoro ambao hawakuuanzisha, na jambo hili linaniuma mpaka leo.

Hapo ndipo bei mbili za dola zilipopata mizizi. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga, dola ikatoka kama 2,000 na kitu ikafika karibu 2,800. Watu walitegemea bei ya benki na ya mtaani zikutane. Hazikukutana, kufikia 2025 bei ya mtaani ilikuwa imevuka maradufu ya ile rasmi. Na bidhaa dukani zinafuata ya mtaani, kwa sababu mwenye duka anajua atakayolipa akienda kutafuta dola za kuagiza mzigo mwingine. Kwa hiyo dada, ukituma dola 1,000 zikabadilishwa kwa bei ya benki, shemeji yako anaingia sokoni na faranga ambazo zinanunua chini ya nusu ya ulivyotarajia. Sikushauri kupita njia za vichochoroni, maana biashara ya dola nje ya taratibu ina adhabu zake na watu wameshadhulumiwa huko. Ninachosema ni hiki: bajeti ya nyumba ipigeni kwa bei za vifaa za wiki hiyo, mlizouliza dukani. Msichukue dola zenu mkazizidisha kwa bei ya kwenye intaneti.

Shemeji yako ana hoja, ila si kwa vitu vyote. Faranga zilizokaa zinaliwa na mfumuko wa bei. Tena Juni 2023 Benki Kuu iliondoa noti za zamani za 5,000 na 10,000 na kuwapa watu siku 10 tu kuzirudisha, na waliokuwa wameweka pesa sandukuni walihangaika. Basi msirundike pesa nyumbani kwa mtu. Nondo na mabati yanunueni mapema, hayaozi. Saruji msiinunue mapema. Ikipigwa na unyevu wa masika inaganda kwenye mifuko na fundi atawaambia hana la kufanya nayo. Inunuliwe fundi akiwa tayari, hatua kwa hatua: msingi, kuta, kisha paa. Na kila hatua itumiwe picha kabla ya kutuma fungu linalofuata. Ndugu mzuri haoni vibaya kuulizwa. Inamlinda yeye pia.

Serikali nayo inagusa mambo yenu. Kwa katiba ya 2018 Rais anachaguliwa kwa miaka 7, na kuna Waziri Mkuu. Rais Évariste Ndayishimiye aliapishwa Juni 2020, baada ya kifo cha Pierre Nkurunziza. Bungeni kuna mgawo uliotokana na Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000: Wahutu asilimia 60, Watutsi 40, wanawake wasipungue 30, na viti 3 vya Watwa, Seneti ni nusu kwa nusu. Watoto wakiuliza kwa nini nchi inahesabu makabila bungeni, msiwakwepe. Waambieni habari za mauaji ya 1972 yaliyowakimbiza Warundi wengi, na za Oktoba 1993 alipouawa Rais Melchior Ndadaye, kwa kiasi cha umri wao. Mimi nimezaliwa kambi ya Mishamo, Tanzania, kwa sababu ya 1972, na nilikuja Marekani pamoja na wenzetu wengi walioletwa kuanzia 2007. Ningependa ningeambiwa mapema zaidi.

La kuangalia sana ni mgawanyo mpya wa nchi. Mikoa 18 imekuwa 5: Bujumbura, Gitega, Burunga, Butanyerera na Buhumuza. Komini, yaani ngazi ya utawala iliyo chini ya mkoa, zilikuwa 119, sasa ni 42. Rumonge na Makamba sasa ziko ndani ya Burunga. Karatasi zenu za zamani zina majina ya komini ambazo pengine zimeunganishwa na nyingine, na faili zimehamishwa. Kabla ya kununua popote, mjue kiwanja kiko komini gani sasa na daftari lake liko ofisi ipi.

Ndugu yenu, Dayton

---

Kutoka: Gent

Salamu kwenu wote. Kaka wa Dayton ameeleza vizuri uchumi. Mimi naongeza ardhi na uraia, maana nimeona familia zikivunjika kwa ajili ya hayo.

Huko kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, mashamba mengi yana madai mawili. Mwenyewe alikimbia 1972, mwingine akapewa au akanunua, kisha wa kwanza akarudi baada ya miaka 30 na zaidi. Tume ya ardhi iliyoundwa 2006 ilishughulikia kesi hizo kwa miaka, na si kila aliyeondoka kwenye meza yake aliridhika. Kwa hiyo bei rahisi ya kusini isiwavutie kabla hamjauliza historia ya shamba. Waulizeni majirani wa pande zote nne, bashingantahe (wazee wasuluhishi wa kijiji), na shefu wa kolini, yaani kiongozi wa kilima. Sheria ya ardhi ya 2011 inaruhusu komini kutoa cheti cha ardhi. Barua ya mauzo iliyosainiwa mbele ya mashahidi watatu barazani si cheti.

Dada, andikisheni kiwanja kwa majina ya wote wawili, wewe na mumeo. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi. Mila ndiyo inayoamua, na kwa mila mwanamke na mabinti wanabaki pembeni. Nakwambia hivi kwa sababu nakutakia heri, sina shaka na mume wako.

Uraia: sheria ya 2000 inamruhusu Mrundi kuwa na uraia mwingine bila kuupoteza wa kwao. Lakini unapita kwa baba. Mtoto ambaye mama ni Mrundi na baba ni mgeni anapata shida kuupata. Ninyi wote wawili ni Warundi, hivyo watoto wako salama, ila waandikisheni ubalozini wangali wadogo, wakati vyeti vya wazazi bado vinapatikana.

---

Kutoka: Ottawa

Mungu awabariki. Nimemsomea mume wangu yote. Sasa bado Bujumbura au Gitega? Yeye ameona kiwanja karibu na ziwa, upande wa Gatumba, na bei yake ni nzuri.

---

Kutoka: Dayton, Ohio

Dada, Gatumba hapana. Maji ya Tanganyika yamekuwa yakipanda miaka hii, na Gatumba, iliyo karibu na mahali Rusizi inapoingilia ziwani, imefurika mara kwa mara tangu 2020. Watu wenye nyumba za matofali wamelala kwenye mahema. Ndiyo maana bei imeshuka. Tena sheria ya maji ya 2012 inataka mita 150 kutoka ukingo wa ziwa zibaki wazi, kwa hiyo unaweza kubomolewa hata kama maji hayakukufikia.

Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, lakini benki kubwa, bandari, uwanja wa ndege na wafanyabiashara wengi bado wako Bujumbura. Kama nyumba ni ya kupangisha na mnataka wapangaji wa haraka, Bujumbura upande wa milimani inalipa mapema zaidi, ila mteremko ukatwe vizuri kwa sababu ya maporomoko. Kama ni ya kuishi uzeeni, Gitega ina hewa nzuri na ardhi inayofikika. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba wa reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, penye hazina ya madini ya nikeli. Nauombea mradi huo kwa moyo wote, kwa kuwa treni ikifika mzigo utashuka bei kwa kila mtu. Lakini kiwanja msikinunue kwa ahadi ya reli. Nunueni penye barabara na maji leo.

Mwambie shemeji aende komini yeye mwenyewe, siku ya kazi. Jumamosi asubuhi ni kazi za jamii, hatampata mtu. Aombe kuonyeshwa namba ya kiwanja kwenye daftari, jina la mmiliki, na kama kuna kesi mahakamani. Hayo matatu yakishapatikana kwa maandishi, rudi hapa utuambie, tutaangalia pamoja namna ya kulipa.