Mkomamanga: mita 2 au mita 5? Mjadala uko wazi

Mchimba Mashimo
Wakuu, leo nataka tubishane kwa hoja. Nina hekta moja tambarare, umwagiliaji wa matone upo, na miche 1,000 ya komamanga iko kitaluni inasubiri shimo. Nimepiga vigingi safu kwa safu mita 5, mti kwa mti mita 2. Kila mzee ninayemwonyesha anatikisa kichwa: mkomamanga ni mita 5 kwa 5, kwisha habari. Kwa nafasi hiyo hekta inabeba miti 400 tu! Huu si mwembe jamani. Ukipogolewa hauvuki mita 3 au 4 kwenda juu. Unaanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu, ila kujaza mita 5 unachukua miaka, na muda wote huo mimi napalilia uwazi. Anayepinga anieleze mti wenyewe unaumia wapi. Habari za "tangu zamani" sizitaki.

Mzee wa Tano kwa Tano
Kijana, umeuliza unaumia wapi. Unaumia kwenye hewa. Majani yakishikana, umande wa asubuhi unakaa hadi mchana, na unyevu ndio mlango wa madoa ya ukungu na wa bakteria. Soma yaliyowakuta wakulima wa India, hasa jimbo la Maharashtra, miaka ya 2000. Ugonjwa wa baka la bakteria ulipoingia, matunda yalipasuka yakiwa na madoa meusi na watu wakang'oa mashamba. Yule bakteria husafiri kwa matone ya mvua yanayoruka kutoka tawi hadi tawi, na kwa mkasi usiosafishwa. Sasa wewe unataka matawi yagusane kabisa, umrahisishie safari.

Mchimba Mashimo
Mzee, shikamoo, lakini India hiyo hiyo nafasi inayotajwa sana ni mita 4.5 kwa 3, miti 740 kwa hekta. Mbona wao hawakurudi kwenye tano kwa tano? Na bakteria huyo huja na miche yenye ugonjwa pia. Ukipanda mche mgonjwa, hata umbali wa mita 10 haukusaidii.

Mzee wa Tano kwa Tano
Marahaba. Kwenye miche nimekubali. Lakini 740 si 1,000.

Bi Mkasi
Nimewasoma wote na naona mnapigania kamba ya kupimia, wakati hakuna aliyeuliza swali la kwanza: mti wako utakuwa na mashina mangapi?

Mkomamanga ukiachwa ujiamulie mwenyewe ni kichaka. Hutoa machipukizi chini kila msimu, na usipoyaondoa unapata mashina kumi yanayogombea mwanga. Wengine huulea kwa shina moja, wengine huacha matatu au manne ili baridi kali au mdudu akiua moja, mengine yabaki. Mti wa mashina manne, wenye upana wa mita 4 na zaidi, ukiuweka kila mita 2, huna safu ya miti, una uzio. Uzio wenye miiba! Jaribu kuvuna humo ndani ndipo utanielewa.

Hasara unayoitafuta, Mchimba, iko hapa. Komamanga hubebwa zaidi na vitawi vifupi vilivyokomaa, na vitawi hivyo vinataka jua. Vikikosa jua miaka miwili mitatu vinakauka, na havirudi kirahisi. Kwa hiyo shamba la mita 2 mwaka wa tatu linakuwa zuri kweli, watu wanapiga picha. Mwaka wa sita au wa saba sehemu ya chini imekuwa kuni, matunda yote yamehamia juu, na yaliyobaki katikati yamechubuliwa na miiba upepo ukivuma. Tunda lenye makovu ndani ni zima kabisa, lakini mnunuzi anatazama ganda.

Sisemi usipande karibu. Nasema ukipanda karibu, umejifunga kushika mkasi kila mwaka, bila kuruka hata mmoja: machipukizi ya chini, matawi yanayokatiza katikati, na urefu. Mimi mwenyewe niliwahi kupanda mita 2, nikapogoa vizuri miaka minne, mwaka wa tano nikaugua na kibarua niliyemwachia akakata ncha tu, kama anayenyoa nywele. Ncha zilichipua fagio. Nilitumia misimu miwili kufungua ule msitu.

Bomba la Matone
Naongeza la maji, maana kila mtu anadhani miti 1,000 hunywa mara mbili na nusu ya 400. Mwanzoni ndiyo, kila mche una tundu lake. Lakini miti ikishafunika ardhi, kinachonywa ni majani yanayopigwa na jua, si idadi ya mashina. Hekta iliyofunikwa sawasawa hunywa karibu sawa. Hofu yangu ni nyingine: mizizi ikibanana, ukikosa kumwagilia siku chache kwenye joto halafu ukafungulia maji mengi, tunda linapasuka. Ganda lililokauka halinyumbuki upesi kama mbegu za ndani zinavyovimba. Shamba lililobanana halikusamehe ratiba mbovu.

Na udongo je? Kwenye udongo mwembamba wenye mawe mti unabaki mdogo, mita 3 zinatosha. Kwenye udongo wenye kina na rutuba hata mita 4 zitajaa. Hujatuambia wako ni upi.

Daftari
Kuna njia ya kati ambayo inapendwa sana kwenye karatasi: panda mita 5 kwa 2.5, miti 800, vuna miaka sita, kisha ng'oa mmoja, acha mmoja. Unabaki na 400 ya mzee wetu na umeshavuna ya kwako. Tatizo nalolijua ni moja. Sijaona mkulima anayeng'oa mti uliojaa matunda. Kila mwaka anasema "msimu ujao". Basi kama unafuata njia hii, tia rangi miti ya kung'olewa siku ile ile unayopanda, kabla hujaizoea.

Rafiki wa Nyuki
Dogo tu: uchavushaji usiutie kwenye hesabu ya nafasi. Mkomamanga hujichavusha, na nyuki wanafika popote. Maua mengi yanayodondoka ni ya dume, yenye umbo la kengele. Msidhani ni mti unateswa na msongamano.

Mchimba Mashimo
Nimekaa na hili siku mbili. Udongo wangu una kina, jembe linazama bila kugonga jiwe, kwa hiyo Bomba amenitoa kwenye mita 2. Bi Mkasi amenitoa kabisa, maana mkasi wangu upo ila mkono wangu ni mmoja. Lakini mzee anisamehe, 5 kwa 5 bado siioni. Navuta kamba upya: safu mita 5, mti mita 3, shina moja, miti 667.

Mzee wa Tano kwa Tano
Afadhali. Mwaka wa saba utakuja kunitafuta.

Bi Mkasi
Shina moja, sawa. Chagua la kulea mapema, na machipukizi yang'oe yakiwa laini. Usiyakate juu juu, yatarudi mara mbili. Na ile miche 333 iliyobaki?

Mchimba Mashimo
Thelathini ya kujazia mapengo ya itakayokufa. Mingine sijui. Mzee, una nafasi tele kati ya miti yako, nikuletee?