Naomba ushauri: kutoa gia za baiskeli ili nifunge injini

Wakuu, habari za kazi. Nina baiskeli ya gia 18, nataka kuifunga injini ndogo ya petroli ya cc 49. Sproketi ya injini (duara la meno linalovutwa na cheni) inakaa kushoto, kwenye spoku za gurudumu la nyuma, hivyo upande wa pedeli nabakiza gia moja tu.

Jana nilitoa kile kidude cha kuhamisha gia, nikapunguza pingili za cheni. Bado inalegea, nikikanyaga kwa nguvu kilimani inaruka meno, kaa! kaa! Nafasi za ekseli kwenye fremu zimeelekea chini, gurudumu halivutiki nyuma.

Je, nifunge kikaza cheni, au nitafute fremu ya Phoenix ya kizamani ambayo ekseli inasogea? Na friwili (gia ya meno ya gurudumu la nyuma), nichukue ya meno 16 au 18?